Jino la Mia Tatu na Kumi na Tatu

Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, Inspekta Jentrix Naswa alikuwa amepewa kesi isiyo na mjane wa kuliwaza, na alimshukuru Mungu kwa sauti alipokuwa akishuka kwenye gari nje ya karakana ya visukuku pale Kondele, mjini Kisumu. Marehemu wa kesi hii alikuwa sokwe wa kale, aliyekufa kabla hata ya ziwa kuwa ziwa. Hakuna aliyemlilia. Lakini kulikuwa na mtu mmoja hai ambaye jina lake lingezikwa kufikia saa nane mchana, na saa ya Naswa ilisema tatu na robo asubuhi.

Mtu huyo alikuwa Walter Okinyi, miaka hamsini na tisa, mwandaaji wa visukuku tangu ujana wake. Kazi yake ilikuwa kupokea mifupa iliyogeuka mawe, ikiwa bado imefungwa plasta kama mguu uliovunjika, na kuitoa kwenye udongo mgumu kwa sindano na brashi, punje kwa punje, mpaka wenye digrii zao waje kuipiga picha na kuiandikia vitabu. Siku hiyo ya Alhamisi, katika ukumbi wa kanisa huko Mamboleo, wanachama hamsini na mmoja wa Chama cha Waandaaji wa Visukuku wangemchagua mwenyekiti. Okinyi alikuwa anagombea, na ahadi yake ilikuwa moja tu: kwamba jina la aliyeusafisha mfupa litaandikwa kando ya jina la aliyeuokota. Mwakani angestaafu. Akiikosa nafasi hii, basi.

Balaa lilianza Jumatatu. Okinyi alifungua sanduku mbele ya viongozi wa chama na wageni kutoka Nairobi ili awaonyeshe taya la sokwe wa Got Rachar, kilima kilichoko ufuoni mwa ziwa, kazi iliyomjengea heshima kuliko zote. Gego la mwisho upande wa kushoto halikuwepo. Kisukuku ni mali ya taifa, kwa hiyo polisi waliitwa. Na katiba ya chama haikumung'unya maneno: mgombea mwenye kesi ya kisukuku isiyomalizika, jina lake linafutwa.

Naswa alimkuta amekaa kwenye kigoda cha kazi, ameshika tama.

"Mzee, hilo gego uliliona lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa jioni, Afande. Nilifunga sanduku, nikaenda nyumbani Seme. Jumamosi tulikuwa tunazika dada yangu."

"Pole sana. Nani alikuona huko?"

"Watu kama mia nne hivi. Chama yote ilikuja. Hata Winny ndiye alikuwa anagawa chakula."

"Funguo za hapa ziko na nani?"

"Mimi, Winny wa stoo, na Wechuli."

"Wechuli ndiye nani?"

"Mwanafunzi wangu. Nilimtoa kule ziwani akiosha magari." Okinyi alisugua magoti yake. "Ndiye tunagombea na yeye. Lakini, Afande, usianze na huyo. Huyo ni mtu mzuri."

"Mimi huanza na kila mtu, Mzee."

Alianza na Winny. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mwepesi wa maneno, anayejua kila droo ya stoo ile kama mtu anavyojua sufuria za jikoni kwake. Aliliweka taya chini ya hadubini, akamwachia Inspekta kiti.

Naswa aliinama akatazama. Pale palipokuwa na gego palikuwa na shimo dogo, kingo zake laini.

"Hili gego lilikuwa limeshikamana na taya lenyewe?"

"Hapana. Lilikuja limelegea, lakini ndani ya plasta moja na taya. Mzee akalibandika. Miaka sita sasa. Iko kwa kadi."

Naswa aliomba aelezwe kadi. Winny alivuta moja iliyochakaa kutoka kwenye kisanduku. Kila mfupa ulikuwa na kadi yake, na kila aliyeugusa kwa kazi, awe amebandika, amebandua au amekwangua, alipaswa kuandika siku, gundi aliyotumia na jina lake. Mstari wa mwisho kwenye kadi ya Got Rachar ulikuwa wa miaka sita iliyopita, mwandiko wa Okinyi.

"Mtu akiling'oa kwa nguvu, tungeona nini?"

"Mfupa ungemeguka, Madam. Kama mdomo wa chungu ukigongwa."

"Na hapa?"

"Hapa ni safi kabisa. Ameyeyusha gundi. Hii yetu inayeyuka na asetoni."

"Ndiyo nini?"

"Ile dawa ya kutoa rangi ya kucha. Sema hii yetu ni kali."

Naswa aliinua macho kutoka kwenye hadubini, akazitazama kucha za Winny. Zilikuwa nyekundu, mbichi, hata hazijapata mkwaruzo. Pua yake, iliyokuwa imejiuliza tangu mlangoni harufu ile inatoka wapi, ikapata jibu.

"Fungua mkoba."

Winny alifungua. Kikatoka kichupa cha dawa ya macho kilichojaa kitu kisichokuwa dawa ya macho.

"Wololo! Afande, nilichota kijiko tu! Ile ya dukani haitoi vizuri!"

"Chupa kubwa iko wapi?"

Chupa kubwa ilikuwa rafuni, na pembeni yake kulikuwa na alama ya kalamu kuonyesha kimiminika kilifika wapi mwisho wa mwezi. Kilikuwa kimeshuka vidole vinne. Naswa alipima kwa vidole vyake mwenyewe, akapima tena. Kijiko cha mrembo mmoja hakishushi vidole vinne.

"Niambie. Ukitaka kulegeza gundi ya miaka sita, unafanyaje?"

"Unaweka mfupa kwa jagi la glasi lenye kifuniko. Unatia pamba imelowa asetoni, unafunga. Mvuke ndio inafanya kazi. Masaa sita, saba. Ukiwa na haraka mfupa unapasuka."

"Na katika hizo saa unafanya nini?"

"Unakaa, Madam. Unaangalia. Hauwezi kuacha."

Saa sita au saba, mlango umefungwa, bila mtu kuingia. Hiyo ilikuwa Jumamosi na si siku nyingine, maana Jumapili kwaya ya jirani ilifanyia mazoezi uani hapo tangu asubuhi. Na Jumamosi Winny alikuwa Seme akigawa chakula mbele ya watu mia nne. Naswa alimrudishia kichupa chake.

"Kwenye mazishi ya dada yake Mzee, nani hakufika?"

Winny aliangalia sakafu. "Wechuli pekee. Alisema mafuriko imeingia kwa nyumba ya shemeji yake huko Ahero, akaenda kusaidia kutoa vitu. Alirudi jioni."

Naswa aliandika, kisha kalamu ikasimama. Jumamosi yeye mwenyewe alikuwa Ahero. Alisimama kwenye kizuizi tangu alfajiri, viatu vimejaa maji, akigeuza kila gari lililotoka Kisumu. Barabara ilifunguliwa Jumapili. Hakupita mtu.

Okinyi, aliyekuwa amesogea mlangoni bila kuitwa, alisikia. Uso ulimshuka.

"Si yeye, Afande."

"Ana ufunguo, amesema uwongo, na wewe ukifutwa anapita bila kupingwa. Ningekuwa wewe nisingemtetea kwa nguvu hivyo."

"Mimi nimemfundisha kushika sindano. Mkono wake naujua. Hawezi kuumiza mfupa."

Mzee alisema hivyo kwa uchungu wa baba, akarudi zake kwenye kigoda. Lakini neno lake lilimkaa Naswa. Kwa kweli mfupa haukuumizwa. Mwenye nia ya kumchafua mwenzake angelivunja gego kwa koleo kwa dakika moja na kuacha uharibifu waziwazi. Mwizi angechukua taya zima. Huyu alikaa karibu siku nzima kando ya jagi ili punje moja isimeguke. Mtu wa namna hiyo hatupi jino ziwani, wala hatembei nalo mfukoni pamoja na funguo.

"Winny, mna meno mengine hapa?"

"Mengi. Droo ya yatima." Alivuta droo pana, ikatoka na vichupa vidogo vya glasi vimepangwa safu kwa safu. "Meno yaliyopatikana pekee yake. Hayajulikani yalitoka kwa taya gani."

"Yako mangapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili. Tulihesabu mwezi wa sita, na hakuna jipya limeingia."

"Hesabu."

Winny alihesabu, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akaanza upya kutoka upande wa pili. Naswa hakumharakisha.

"Mia tatu na kumi na tatu," Winny akasema.

Halikuwa jambo gumu kulipata la ziada. Vichupa vyote vilikuwa na vumbi mabegani isipokuwa kimoja, katikati ya safu ya tisa. Ndani yake gego lililala juu ya pamba safi. Na kando ya gego kulikuwa na kijikaratasi.

Naswa aliwahi kukamata wezi wa ng'ombe, wezi wa transfoma na mwizi mmoja wa kengele ya kanisa. Hakuwahi kukutana na mwizi aliyeandika lebo. Karatasi ilikuwa na tarehe ya Jumamosi, kwa wino mweusi usiofutika, na maneno machache ya herufi ndogo: *Limetolewa kwenye taya la Got Rachar. Si lake. Angalia sehemu ya kutafunia.* Jina halikuwepo.

"Hakuweza kujizuia," Winny alinong'ona. "Hapa hauwezi kuweka mfupa bila karatasi. Mkono wenyewe unakataa."

"Nitolee kadi zote alizojaza Wechuli."

Mwandiko ulikuwa mmoja. Saba yake ilikuwa na kistari kiunoni, na herufi 'g' ilikunja mkia kama paka. Naswa aliziweka kadi tatu kando ya lebo, akapiga picha kwa simu. Kisha akaomba aonyeshwe hiyo sehemu ya kutafunia.

Winny aliweka taya na gego chini ya hadubini moja. Safari hii hata mgeni aliona. Magego yaliyobaki tayani yalikuwa yamesagika bapa, meno ya mzee aliyetafuna maisha marefu. Gego lililotolewa vilima vyake vilikuwa bado vikali, kama vile lilichipuka juzi.

"Hili ni la kijana," Naswa alisema polepole. "Na mdomo ni wa mzee."

Winny alikuwa ameziba kinywa. Alitazama mlangoni kuhakikisha kuwa Okinyi yuko mbali. "Afande, Mzee alikosea. Liliingia vizuri kwa shimo, akabandika. Na sisi wote tumepita hapa miaka sita tukiangalia. Hakuna aliyeona."

"Mmoja aliona," Naswa alisema.

Saa sita na nusu alimpata Wechuli nyuma ya ukumbi wa Mamboleo, akipanga viti na vijana wa kanisa. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mnene kidogo, suti yake mpya bado ina mkunjo wa dukani. Alipoona kichupa mkononi mwa Inspekta, aliketi kwenye kiti alichokuwa amekibeba.

"Ahero maji yalifika wapi Jumamosi?" Naswa aliuliza.

"Afande, usinichoshe. Umeshajua."

"Nataka kusikia kwako."

Wechuli alifuta jasho. Wiki iliyopita alikuwa akipiga picha za taya kwa ajili ya maonyesho, na kwenye picha kubwa ndipo alipoliona. Wageni wa Jumatatu walikuwa watu wa meno, wangeliona kabla ya chai. Okinyi angeaibika mbele ya chama kizima siku tatu kabla ya kura.

"Si ungemwambia?"

"Ningemwambiaje, Madam? Mtu anazika dada yake, mimi nimpigie simu nimwambie umekosea kazi ya maisha yako? Nikasema nalitoa polepole, Jumatatu asubuhi namwita pembeni, namwonyesha, yeye mwenyewe anawaambia wageni amelitoa. Lakini Jumatatu alifika mapema kuliko siku zote, akafungua sanduku mbele ya watu. Mimi nilipofika, tayari wameita polisi."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ningesema nini? Mpinzani ameingia kwa siri, ametoa jino. Nani angeniamini?" Alitazama viti. "Na katiba yetu inasema ukigusa mfupa bila kujaza kadi, hugombei. Kwa hivyo ukisema, mimi natoka. Usiposema, yeye anatoka."

Naswa alikaa kando yake. Kisheria hapakuwa na wizi. Gego halikutoka stoo, lilihama droo tu. Ripoti ingeweza kuwa ya mstari mmoja, lakini mstari huo ungefika mezani kwa mkubwa wake kesho, na kura ilikuwa baada ya saa moja na nusu.

"Wewe unataka niseme nini?"

Wechuli aliwageukia vijana wa kanisa. Vijana waliendelea kuburuta viti.

"Huyo mzee alinipa aproni yake siku ya kwanza kazini, yeye akafanya kazi na shati jeupe," alisema. "Usiseme wewe, Afande. Nitasema mimi."

Na alisema. Saa nane kamili, Mama Debra Nabututu, msimamizi wa uchaguzi, mwanamke mwenye miwani na asiyecheka ovyo, alimpa nafasi akidhani ni hotuba. Wechuli alisimulia yote bila kupamba, akaeleza uwongo wa Ahero, akaomba radhi. Naswa alisimama ukutani, kando ya Winny aliyekuwa ameleta taya na kadi yake, akathibitisha: jino lipo, hakuna kesi. Ukumbi ulivuma.

Okinyi aliinuka akaenda mbele. Hakumtazama Wechuli. Aliomba kichupa na taya, akatoa lenzi yake ya mfukoni, akasimama karibu na dirisha. Alitazama kwa muda mrefu hata watu wakaanza kukohoa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Naswa alidhani analia, kumbe ni kicheko.

"Ni kweli," akasema. "Yawa, ni kweli kabisa! Nilibandika jino la mtoto kwa mdomo wa babu yake. Kosa ni langu. Winny, lete kadi." Akaandika palepale, akisoma kwa sauti huku akiandika, mpaka jina lake.

Mama Debra aligonga meza. "Kosa lililoandikwa si hatia. Mzee Okinyi yuko safi. Bwana Wechuli amegusa mfupa bila kujaza kadi, kwa hivyo jina lake limefutwa. Kwa kuwa amebaki mgombea mmoja..."

Makofi yalianza nyuma ya ukumbi. Ndilo jambo Okinyi alilolitaka miaka yote, nalo lilikuwa limeletwa hadi miguuni pake.

"Ngoja kwanza, Mama. Kadi inajazwa ndani ya siku ngapi?"

Mama Debra alivua miwani. "Saba."

"Jumamosi mpaka leo ni ngapi?"

Ukumbi mzima ulihesabu kwa vidole. Ilikuwa siku ya sita.

"Basi hajachelewa." Okinyi alimsogelea Wechuli, akamnyooshea kalamu. "Jaza, omera, ndugu yangu. Jaza vizuri, nimekufundisha. Tupigiwe kura kama watu."

Wechuli aliipokea kalamu kwa mikono miwili. Machozi yalidondokea suti mpya na hakuyajali. Akaandika.

Kura zilihesabiwa saa tisa na nusu, mara mbili, Mama Debra akiinua kila karatasi juu. Wechuli ishirini na saba. Okinyi ishirini na nne. Kabla makofi hayajatulia Mzee alikuwa ameshaufikia mkono wa mwenyekiti mpya, akamnong'oneza jambo huku akiutikisa hadi miwani ya Mama Debra nusura ianguke mezani.

Naswa alimngoja nje, chini ya paa la kibaraza. Alikuwa na neno la kumfariji ambalo alilitunga njiani, lakini alipomwona anavyokuja, anatembea haraka, aliliacha.

"Nafasi ulikuwa nayo mkononi, Mzee. Ukaitoa."

"Afande, mimi leo nimepewa zaidi ya nilichotoa. Ero kamano sana kwa kazi yako." Alimshika mkono na kuukazia. "Hebu fikiria. Jino la kijana halikujileta ndani ya plasta yangu. Kama yupo mzee na jino la kijana liko kando yake, basi walikuwa wawili pale Got Rachar! Miaka sita nimekuwa nikimficha wa pili ndani ya mdomo wa wa kwanza. Huyo mtoto bado yuko chini ya ule udongo, na hakuna mtu duniani alikuwa anamtafuta."

"Na sasa?"

"Sasa namtafuta mimi. Nimebaki na miezi kumi kazini, inatosha."

Mlango wa ukumbi ulifunguka, wimbo ukatoka nao. Wechuli alichomoza kichwa, tai imelegea, shada la maua ya karatasi limemkaa upande shingoni.

"Mzee! Kesho tunatoka saa ngapi kwenda Got Rachar?"

"Saa kumi na moja alfajiri," Okinyi alijibu. "Na plasta utabeba wewe, mwenyekiti ama si mwenyekiti."